Mwenye Eda Hayupo

Jumatatu ya baada ya Idi, Mwanasha binti Mbwana alikuwa kibarazani kwake hapa Msambweni, anasuka makuti. Nyumba yake mwenyewe aliiezeka madebe. Watu walikwisha kumcheka mpaka wakachoka: mwanamke asukaye makuti yanayositiri nusu ya mji, yeye alale chini ya madebe ya mafuta ya taa, jua likipanda aivie humo ndani mithili ya mkate. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na Mwanasha aliyajua makuti kwa ubaya wake. Aliyapenda yakiwa mabichi, na yakiwa juu ya vichwa vya wengine.

Gari la Bi Hannah likapita polepole, na ndani yake Waziri, mkalimani wake, anatangaza kwa kipaza sauti. Tamasha la Picha za Kale, akasema, wiki nzima, kwenye ghala la mbata kule pwani, kila siku baada ya sala ya alasiri isipokuwa Ijumaa. Kiingilio bure. Wanawake wana upande wao.

Bi Hannah alikuwa Mzungu wa makamo, mjane, mwenye kofia ya ukili na sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa kuziokoa picha. Zile sinema za zamani zisizosema, zilizotupwa kwenye stoo na dari za watu, yeye alizitafuta, akaziosha kwa pamba, akaziunga zilipokatika, kisha akazionyesha tena. Alizipenda kuliko watu wengi wanavyowapenda watu. Kwenye tamasha lake palikuwa na picha ya mnene mmoja anayeanguka ngazini kila akivaa kofia, na picha ya Kihindi ya malkia na chui wake, na nyingine ya meli iliyozama ikiwa na piano. Watu walizicheka na kuzililia kama ilivyotakiwa. Ila iliyolijaza ghala ilikuwa ile isiyo na jina.

Ile Bi Hannah aliiokota huku huku kwetu, kwenye stoo ya kampuni ya miwa, chini ya matandiko ya farasi yaliyooza. Mkebe wake ulishika kutu, na mkanda wenyewe uliganda kwa unyevu kama tende za msimu uliopita. Ikawa kila siku anabandua kipande, anakiosha, anakianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba ya wageni, na jioni anakionyesha kabla ya zile picha nyingine. Kwa hiyo watu waliiona ile picha kwa vipande, kama mtu anayesimuliwa habari mbaya na jirani mwenye huruma.

Kipande cha kwanza kilikuwa kisima tu. Kisima chenye ukingo wa mawe, mkunazi kando yake, mbuzi mmoja amefungwa. Waziri alikuwa ametumwa awaombe watu waseme wanachokijua, na kutoka upande wa wanawake bibi mmoja akasema bila ya kuinua sauti kwamba hicho ni kisima cha Mwachirumbi. Wengine wakaitikia ndiyo, ndicho. Mikono ya Mwanasha ilikuwa mapajani, inasuka makuti yasiyokuwapo.

Mwachirumbi ulikuwa mji, na sasa ni miwa. Tangu mwaka wa ishirini na saba ni miwa, inakatwa na kuchipua, inakatwa na kuchipua, na aliyezaliwa juzi haamini ukimwambia kwamba pale palisaliwa.

Asubuhi yake wakataji wa kampuni walikikuta kisima katikati ya shamba. Kilikuwa pale pale kilipokuwa zamani, na mkunazi wake na mbuzi wake. Nyapara Karisa, mtu wa kazi asiye na mambo mengi, akafunga debe kwenye kamba akalitupa. Debe liligonga maji bila ya mlio. Akavuta, akayaonja, yakawa matamu, basi akawaamrisha vijana wakate wazunguke, na wakinywa wanywe kwa zamu. Kisha akaenda kuripoti kisima, kama alivyokuwa akiripoti nguruwe wakiingia shambani.

Kipande cha pili kilikuwa msikiti, na kuku kadhaa, na jogoo. Asubuhi ukaamka msikiti. Jogoo wake alipanda ukingoni akanyoosha shingo akawika, na hakuna kilichosikika. Hapo ndipo watu walipoifahamu kanuni ya mambo yale, na kwa kuwa ilikuwa kanuni nyepesi hawakuihangaikia: kilichotoka kwenye picha hakina sauti wala harufu, maana picha yenyewe ilikuwa bubu. Imamu alipoulizwa alisema sala humo ni sahihi, ilimradi anayesali ana sauti yake mwenyewe. Bwana Meneja wa kampuni naye akatuma neno kwamba ardhi ni ya kampuni, na kilichosimama juu ya ardhi ni cha kampuni, ila hazuii mtu kusali.

Watu walifurahi. Kwa nini wasifurahi? Mama zao walikuwa wakiwatajia kisima kile na msikiti ule mpaka wanaingia kaburini. Waliuliza kesho kutatoka nini, nyumba ya nani. Mwanasha peke yake ndiye aliyekuwa na hofu, kwa sababu yeye alikuwapo siku ile picha inapigwa, na alijua inakwendaje mwisho wake.

Siku hiyo ilikuwa hivi. Mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu alikuja Mwachirumbi na karani wa kampuni, akasema anataka kupiga picha ya utajiri wa mji. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wazee walifurahi mno. Na watu wa Mwachirumbi walikuwa wanajua jambo moja tu duniani linalofanana na hilo, nalo ni vyombo vya bibi harusi: kitanda, godoro, masinia, mabirika, mpaka mwiko, vyote vinatolewa nje na kutembezwa ili walimwengu waone kwamba binti hakuondoka kwao mikono mitupu. Basi wakatoa. Kila nyumba ikajimwaga uani. Watu wakavaa nguo za Idi, wakaketi vitandani mbele ya milango yao, wakacheka kama walivyoombwa. Mwanasha, mtoto wa kukimbia huku na huku, alipewa birika la shaba la mama yake alishike, na alilishika kwa mikono miwili.

Aliyebaki ndani alikuwa mmoja. Mama yake, Mwanarusi, alikuwa amefiwa na mume, na eda yake haijaisha. Alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika kaniki, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Karani akasimama mbele ya wazee akauliza kama kuna mtu ndani ya nyumba hizi. Aliyejibu alikuwa Matano, kaka yake Mwanarusi, kijana mwenye joho na ulimi mzuri, aliyekuwa akisukumwa mbele kila wageni wanapokuja.

Alisema, "Hamna mtu."

Alisema kwa adabu. Mwanamke wa eda hatajwi mbele ya wanaume wa kando. Akiulizwa, hayupo. Hata muulizaji awe amesimama mlangoni na mwenyewe anakohoa ndani, hayupo, na muulizaji aliyelelewa hugeuka akaenda zake. Mtu yeyote wa pwani angelifahamu. Karani alikuwa mtu wa mbali, alitikisa kichwa kwa kukubali, akawapungia mkono vijana wa kampuni, nao wakawasha mienge. Paa la makuti halingoji mtu aeleze vizuri.

Baadaye watu waliposhtaki, waliambiwa kwamba ipo picha. Picha inaonyesha wenyeji wanatoa vyombo vyao kwa mikono yao, wanacheka, wanahama kwa ridhaa. Hawakupata kuonyeshwa. Matano tangu siku ile hakupata kutamka hamna kwa jambo lolote. Ukimuuliza kama kuna chumvi atasema ipo, kisha atatoka kwa mlango wa nyuma akanunue.

Alhamisi kikaonyeshwa kipande cha tatu: uwanja mzima, vitanda nje, masinia yanametameta, wazee na wake zao wanacheka. Ghala zima lilikuwa likiita majina. Yule babu! Yule shangazi! Mwanasha alijiona mwenyewe, meno yote nje, birika mkononi. Nyuma yake ulikuwa mlango uliofungwa. Akatoka ghalani kabla ya mnene kuanza kuanguka ngazini.

Ijumaa asubuhi Mwachirumbi ulikuwa umesimama wote ndani ya miwa. Wafu walikuwa wameketi juu ya vitanda vyao, na nguo zao za Idi, wanatazama upande mmoja pale ilipokuwa kamera. Jamaa zao waliwaletea chai na vitumbua. Walipokea, walicheka, midomo yao ilicheza, na hapakuwa na neno. Wale walio hai bado hawakuwamo. Mahali pao palikuwa wazi, pengo hapa na pengo pale, kama meno ya mzee. Pengo moja lilikuwa refu, katikati ya wazee wawili wenye makoti, na kila mtu alijua ni la nani.

Mwanasha alipita katikati ya vitanda bila ya kuamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango ule akausukuma. Haukutikisika hata kidogo. Ulikuwa umepigwa picha umefungwa, na kwa nje ulikuwa mgumu kama ukuta uliochorwa mlango. Basi akafanya lililobaki.

"Hodi," alisema.

Ndani mtu akakohoa. Ngozi ya Mwanasha ilisisimka yote, kwa sababu kikohozi kilisikika. Mama yake hakupigwa picha. Kanuni haikumhusu.

"Nani?"

"Ni mimi. Mwanasha."

Kisha sauti ya mwanamke kijana, sauti ya adabu, ikasema, "Shikamoo, mama. Una jina moja na mwanangu. Yuko hapo nje na birika langu, ukimwona mwambie aniletee maji. Mimi niko edani, siwezi kutoka."

Mwanasha alifungua kinywa. Alikuwa mkubwa kuliko mama yake sasa, alikuwa na mvi, alikuwa na wajukuu wawili kule Kibuyuni. Akili ilikubali, ulimi ulikataa. Kumwitikia marahaba mama aliyekuzaa ni neno zito, na shikamoo ya watu ikabaki mlangoni bila ya kupokewa. Alisikia ndani mguno mdogo wa mtu aliyedharauliwa. Alilia pale pale amesimama, kwa hofu zaidi kuliko kwa huzuni, maana kipande kilichobaki kilikuwa kimoja, na yeye alijua ni kipi.

Alikwenda nyumba ya wageni. Kipande chenyewe kilikuwa kimeanikwa kambani, kando ya fulana za Waziri. Alikishika pembeni akakitazama kwenye mwanga: picha ndogo ndogo kama kucha za mtoto, na katika kila ukucha mlango wa mama yake, na juu ya paa weupe fulani. Mkasi wa Bi Hannah ulikuwa juu ya kiti. Mwanasha hakuugusa. Mlango ulikuwamo humo ndani ya mkanda, na mama nyuma ya mlango, na akiukata hajui anakata nini.

Akamweleza Bi Hannah, na Waziri akatafsiri vizuri, bila ya kuruka kitu. Bi Hannah alisikiliza mpaka mwisho, akatoa leso akajifuta macho, kwani alikuwa mtu mwema. Alisema amehuzunika sana. Alisema pia kwamba picha isiyokamilika si picha, kwamba Jumamosi anakuja Mudiri, mkuu wa serikali hapa, na wageni kutoka Mombasa, na kwamba ni lazima ulimwengu uione.

"Mwambie," Mwanasha alimwambia Waziri, "ulimwengu ulikwisha kuiona. Ndiyo iliyotutoa."

Waziri alitafsiri na hilo. Bi Hannah akatikisa kichwa kwa masikitiko, akageuza kipande upande wa pili kikauke.

Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa lile pengo. Mwanasha alimkuta Mjomba Matano nyumbani kwake anachambua kunde, mzee mkavu, macho yameingia ukungu. Alimwamkia, akaketi chini, akamweleza. Kisima na msikiti vilingoja asubuhi, lakini vijana wa kampuni wana miguu, watakuja kesho saa ile ile kipande kinapoonyeshwa. Karani atakuja, atasimama mbele ya wazee, atauliza. Wazee wote wamo isipokuwa wewe, mjomba, kwa kuwa u hai. Mahali pako ni patupu. Atakayesimama pale na kujibu ni wewe mwenyewe.

Mzee aliendelea kuchambua kunde. Kisha kunde zikamwagika, asiziokote.

"Niseme nini?"

"Sema yumo mtu."

"Mbele ya wanaume?"

"Mbele ya wanaume, mjomba. Na useme kwa nguvu."

Matano alisema ataomba dua kwanza. Usiku ule hakulala, na Mwanasha hakulala. Majirani waliwasikia wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake, wanakohoa kohoa na kutembea.

Jumamosi adhuhuri Mwanasha alikuwa mlangoni. Alichukua birika, lile lile la shaba, alilitunza miaka yote hiyo, akalijaza maji ya kisimani. Alizungumza na mlango mpaka alasiri. Hakumwambia tena kwamba yeye ni Mwanasha. Alisema ni jirani mgeni, amepita, amesikia kuna mwenye eda, na nje hakuna mwanamume hata mmoja, wamekwenda zao, wanawake watupu, tena jua limepoa, kwa nini asitoke mpaka kizingitini tu akapata upepo na maji? Mwenyewe alijishangaa kwa uongo mzuri namna ile.

"Hakuna wanaume kweli?" sauti iliuliza.

"Sikiliza mwenyewe."

Mama yake akasikiliza. Nje watu tele walikuwa wamekaa vitandani, wanacheka, wanapigana makofi ya mgongoni, na hapakuwa na kishindo wala mnong'ono.

"Kweli, kimya," sauti ilisema, na ilikuwa na raha ndani yake. "Basi ngoja nijifunike, mama. Macho yangu yamechoka na giza hili."

Kitanda cha kamba kikalia. Nyayo zikaja. Wakati huo huo, nyuma ya mgongo wake, Mwanasha aliiona miwa inapasuka, na Mzungu akatoka na miguu yake mitatu begani, na karani nyuma yake, na vijana wenye mienge isiyowashwa. Wote walitembea bila ya kukanyaga kitu. Matano alikuwa amekwisha kufika, amesimama katikati ya wale wazee wawili, na joho lake lilikuwa limeliwa na nondo. Karani akasimama mbele yao. Midomo yake ikacheza.

Komeo la ndani likaanza kusogea. Mwanasha alilisikia, mbao juu ya mbao, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alitaka kugeuka amfanyie mjomba ishara, anyamaze, anyamaze kidogo tu. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha.

Matano akavuta pumzi ya miaka yote ile. "Yumo mtu!" alipiga ukelele. "Yumo dada yangu! Mwanarusi yumo ndani!"

Sauti ilikwenda mpaka barabarani, kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine ya kushindana nayo. Karani alimtazama mdomo. Akatikisa kichwa, kama alivyotikisa mwanzo, akawapungia mkono vijana. Na pale ghalani, waliokuwapo walisema baadaye, ukatokea kwenye picha ubao wa maandishi, na Waziri akausomea umati kwa sauti yake safi ya kazi: Wenyeji wakajibu, hamna mtu, sote tumetoka kwa furaha.

Komeo lilisimama.

"Nani huyo mwanamume?"

"Ni kaka yako," Mwanasha alisema. "Ni Matano. Ni maharimu wako, toka!"

"Kaka yangu ni kijana. Huyo mzee wa watu, tena ananitaja jina mbele ya watu." Sauti haikuwa na hasira, ilikuwa na aibu. "Umenidanganya, mama. Si vizuri."

Komeo likarudi mahali pake.

Vijana waliwasha mienge. Paa lilishika upande wa kusini, moto ukapanda mweupe kama ulivyo kwenye picha, bila ya mvumo na bila ya harufu. Mwanasha alipiga mlango kwa ngumi, kisha kwa birika, mpaka maji yakamwagika yote. Alipiga kelele kwamba ni moto, kwamba sheria inamruhusu mwenye eda kutoka penye moto, amuulize kadhi yeyote.

"Moto gani?" ndani ikajibu. "Moto una sauti. Moto una harufu. Hata mtoto hadanganywi hivyo."

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu. Mwanasha aliweka sikio kwenye mlango, na mlango ulikuwa baridi. Hapakusikika kitu tena.

Ghalani watu walipiga makofi, wengine kwa sababu picha imekwisha, wengine kwa sababu Mudiri alipiga. Asubuhi miwa ilikuwa imesimama pale pale, safu kwa safu, na Nyapara Karisa akawapanga watu wake. Kampuni ilimshukuru Bi Hannah kwa kazi nzuri. Sasa picha ilikuwa safi kabisa, unaona kila jino la kila aliyecheka, na hakuna awezaye kusema kwamba watu wale hawakuhama kwa ridhaa. Bi Hannah alimletea Mwanasha zawadi ya doti ya kanga, akaondoka na mkebe mpya wa bati.

Tangu hapo mkanda unatembea. Umeonyeshwa Mombasa, umeonyeshwa Unguja, umevuka bahari kwenda kwenye matamasha ya Wazungu wanaopenda mambo ya kale. Kila unapoonyeshwa huko, huku Mwachirumbi unasimama na kuungua. Watu wamezoea. Wakiona weupe juu ya miwa husema, wanaonyesha, na mwenye mfu wake humkimbilia na chai. Lakini mkanda umeungwa mzima sasa, na mzima wake hauzidi muda wa chai hiyo kuchemka. Zile siku za kwanza, za vipande vipande, palikuwa na nafasi ya kubembeleza. Sasa Mwanasha akisha kukimbia kutoka kibarazani mpaka mlangoni, akisha kusema hodi, anayo nafasi ya salamu tu, na kila mara huanza upya, kwa kuwa mama yake hamjui.

Mjomba Matano alikwenda naye mara kadhaa, amefunga kinywa kwa kilemba asije akasema neno. Karani alitikisa kichwa vile vile. Mzee alifariki kabla ya mvua za mwaka, akasomewa hitima, akasifiwa. Mara iliyofuata mkanda ulipoonyeshwa, lile pengo halikuwapo tena. Katikati ya wazee wawili wenye makoti alisimama Matano kijana, joho jipya, uso wa mtu anayependa wageni. Karani akauliza. Matano akajibu, na ingawa hapakuwa na sauti, Mwanasha aliyasoma maneno mawili yale mdomoni mwake bila ya taabu.

Akageukia mlango. Hakuusukuma.

"Hodi."

"Nani?"

"Jirani."

"Shikamoo, mama."

Mwanasha akaweka birika chini. "Marahaba, mwanangu," alisema, akaketi kizingitini, akauegemeza mgongo kwenye mlango.

"Ukae, mama," sauti ilisema, na safari hii ilikuwa imeridhika. "Leo nje kumetulia."

"Kumetulia," alijibu Mwanasha, na paa likaanza kushika upande wa kusini.